Kofia ya Konstebo 212

Gethin hakusanyi vitu, anasema; anahifadhi.
Sawa. Basi chumba alichozaliwa mwanetu Rhodri
kimehifadhiwa mpaka mlango haufunguki wote:
filimbi za shaba, marungu kumi na tisa ya mti mweusi,
pingu zisizo na ufunguo, vifungo vya makoti
vya vikosi vilivyovunjwa kabla mama yangu hajavunja ungo,
na taa ya doria ambayo bado inanuka mafuta
kama jikoni la mtu aliyehama jana.

Sisi ni watu wa Cwmdulas. Mvua hapa haibishi hodi.
Makaa yamekwisha, kanisa limegeuka ukumbi,
na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi
wanaume wenye miwani juu ya miwani hupanga meza humo,
wakiulizana: taji hili la mfalme yupi?
Pini ya nyuma, mbona mpya?
Bei huitaja kwa sauti ya chini, kama waliofiwa.

Mwaka juzi niliionea huruma beji moja,
nikaisugua kwa siki na chumvi mpaka ikacheka.
Gethin aliishika, akaketi kwenye ngazi.
"Menna," akasema, "umefuta miaka themanini
kwa kitambaa cha vyombo."
Hatukusemezana hadi Jumatano.
Tangu hapo najua: kutu nayo ina mwenyewe.

Februari akaja na hii kofia.
Paundi mia moja, aliniambia.
Mia mbili na kumi, ilisema risiti kwenye koti lake.
Kofia ndefu, koki iliyovikwa sufu nyeusi,
namba 212, na upande wa kushoto, juu ya sikio,
mbonyeo wa ukubwa wa yai la bata.

Nami ni mjukuu wa Ivor Pugh, mchimba makaa,
aliyegoma miezi kumi, akanywa supu ya kanisa,
akarudi usiku mmoja na mkono uliovunjwa kwa rungu.
Babu alikuwa na shabaha. Alilisema mwenyewe,
kila Krismasi, akiuinua ule mkono uliopinda.
Sisemi ni jiwe lake. Mawe yalikuwa mengi.
Nasema tu nilitia kidole pale
na kidole kikatulia.

Gethin alikuwa bafuni. Nikaigeuza.
Ndani, nyuma ya mkanda wa ngozi,
gazeti, limekunjwa mara nane,
kipande huku, kipande huku.
Nikalikunjua kidogo: bei ya samaki wa chumvi,
nusu ya mechi ya raga,
na doa la jasho lenye umbo la jani.

Miaka thelathini na moja nimeuza sare za shule.
Nimewaona akina mama wote wa bonde hili
wakivuta mabega ya koti kwa mtoto aliyemezwa na kitambaa,
wakiniambia, "Usijali, atakua humo humo."
Mimi na gazeti ndani ya kofia
hatuhitaji kutambulishwa.
Huyu alikuwa kijana. Shingo kama mpini wa ufagio.
Serikali ilimpa kichwa cha mtu mwingine
ikamsimamisha mbele ya babu yangu.

Sikulia, babu, usiwe na wasiwasi.
Lakini lile gazeti nililikunja
kwa mikunjo yake ileile, nikalirudisha,
na upande wa kushoto nikakaza kidogo.

Jioni Gethin akaandika kadi, kwa mwandiko wake wa benki:
Kofia ya konstebo. Koki na sufu. Taji la mfalme.
Hali nzuri, ila imebonyea.
Akaenda kuchemsha chai. Nikachukua kalamu ya risasi,
nikaongeza chini yake neno moja:
Ilimpwaya.

Aliporudi aliisoma akiwa amesimama, vikombe mikononi.
Akasema kalamu ya risasi hushusha bei.
Leo ni wiki ya sita. Kifutio kiko mezani.
Hajaifuta.