Kanuni ya Kumi na Tisa

Daftari lilianza na hesabu za karafuu,
kisha, ukurasa wa arobaini, mlango:
"Hapa ndipo mji unapoanza. Ingieni kwa mguu wa kushoto."
Nimeandika mwenyewe, kazini, kwa kalamu ya serikali,
baina ya gunia na gunia,
mizani ikitulia, mimi situlii.

Ijumaa usiku, Wete, Mtemani, ghorofa ya pili,
tunakunja mkeka tubaki na sakafu,
maana simbi zikianguka juu ya mkeka
hazisemi kweli.
Simbi sita. Iliyolala chali, mdomo juu, ni moja.
Tatu, umepita. Mbili, umepita lakini unadaiwa.
Sufuri, na Raya hucheka kabla sijafungua kinywa.

Nguvu twaipima kwa pishi, akili kwa kibaba,
bahati haipimwi, hukopwa.
Raya ni mkwezi: pishi tatu, na woga wa popo.
Mbarouk, fundi friji, ni mpatanishi,
hajapiga mtu tangu Rajabu,
huzungumza na majoka mpaka yaombe radhi.
Na Shaame alikuwa mtega vitendawili.
Akisema "Kitendawili," hata adui
hana budi kujibu "Tega,"
na akishindwa, atoe mji.
Mji kweli, na kodi zake.
Hivyo tulipata miji minne bila ya kumwaga damu,
mpaka nikaifuta kanuni ya tano nikaiandika upya:
kitendawili kimoja, mfalme mmoja, kwa mwezi.
Shaame akanuna wiki nzima.

Bi Asaa wa chini alibisha usiku tulipomleta Maimuni.
"Nasikia mnamwita jini kwa jina lake,
na simbi zinalia. Mnapiga ramli nyumba ya watu?"
Tukamwonesha daftari. Akavaa miwani.
Akasoma kanuni zote, kidole juu ya mstari,
kisha: "Jini huyu mmemfanya mjinga.
Jini hauzi chumvi."
Akakaa.
Tangu siku hiyo majini wote ni wake,
na hakuna anayewapita kwa bei rahisi.

Kisha Shaame akapata karatasi za Maskati.
Duka la shemeji yake, miaka miwili, labda mitatu.
Usiku wa mwisho hakurusha. Aliziosha simbi kwa sabuni,
akazipanga dirishani zikauke.
Mtu wake tukamwacha katikati ya daraja,
na daraja lilikuwa linaungua.

Nilikaa na kalamu. Ningeweza kumwangusha.
Mchezo ungekuwa mwepesi, na mimi karani,
najua kufunga hesabu.
Nikaandika, kumi na tisa:
Asiyekuwepo, mtu wake hulala.
Haliwi, hachomwi, haibiwi.
Wenzake humbeba, na mzigo huo
huhesabiwa pishi moja.

Tumembeba miezi kumi na mmoja.
Raya amekwea naye mgongoni kuta tatu.
Mbarouk husema pishi ni nyingi, tufanye kibaba.
Bi Asaa humjibu aliyelala huzidi uzito,
muulize mama yeyote.
Sijabadilisha.

Jana sauti imekuja kwenye simu, nyuma yake magari:
"Kitendawili."
Sote, hata Bi Asaa, na jini aliyekuwa kinywani mwake:
"Tega."
Mtandao ukakatika.
Tukabaki tumekaa, simbi mkononi,
hatujui tumeulizwa nini,
wala mji upi tutoe.