Iliyobaki

Kutaisi, saa kumi alfajiri. Baba yuko chini,
kichwa mdomoni mwa tanuri, anabandika madonge ukutani
kwa kiganja kilichokwisha kusahau moto.
Mimi niko juu ya magunia, kompyuta mapajani,
najenga dirisha la pili.

La kwanza analo yeye: tundu la kuelekea mtaani,
mkono unaingia na sarafu, unatoka na mkate,
na anayenunua haoni jivu wala jasho.
Langu halina mbao. Lina kiunzi
nilichokishusha jana kwa amri moja;
watu nisiowajua wamenichongea miimo,
kazi yangu kupachika komeo na kuandika:
akija mtu akauliza /mikate, mpe idadi.

Mistari kumi na mmoja. Naiwasha seva,
nabisha hodi mlangoni mwangu mwenyewe.
Mia nne na nne: hapana kitu hicho.
Nimeandika mkate, nimeuliza mikate;
mashine haijui umoja na wingi, inajua herufi tu.
Narekebisha. Mia tano: sasa nyumba nzima imeanguka
kwa sababu ya koma.
"Umepata?" anauliza Baba kutoka shimoni.
"Bado."
"Hata unga hauumuki kwa kukodolewa macho."

Saa kumi na moja na robo, jibu.
Mabano mawili yaliyojipinda, na kati yake, kama punje gandani,
iliyobaki: 41.
Mia mbili, yaani sawa.
Nilipiga kelele hadi paka akaangusha ungo.

Mchana kutwa Baba alibonyeza kitufe nilichompigilia ukutani,
mmoja ukitoka, mmoja unapungua,
na Tsiala na wenzake wa kiwanda cha soksi
waliuliza kwa simu kabla hawajavaa viatu.

Jioni seva ikajibu sifuri.
Nikatazama rafuni: mmoja,
umefungwa kitambaa, bado una joto.
"Baba, hesabu yako ina kosa."
"Huo wa Nodari, ghorofa ya nne.
Hajalipa tangu mkewe afe.
Hauuzwi. Basi haukubaki."

Nikafungua faili, nikaanza mstari mpya,
uliowekwa: 1,
kishale kikapepesa, kikapepesa.
Nikaufuta.
Sifuri ibaki sifuri.

Nikachukua mkate, nikapanda.
Taa ya ngazini ilizimika nikiwa ghorofa ya tatu.