Kona ya Kushoto ya Ubao

Naingia kwa Bi Vukasovich saa kumi na moja jioni,
ndoo mkono huu, ufagio mkono ule,
theluji ya Montana ingali imenigandia viatuni.

Madawati yake hayapangwi mistari.
Yanatazamana, manne manne, kama wacheza karata.
Mwanzoni niliyanyoosha kila usiku.
Kila asubuhi aliyageuza tena, kimya,
hadi nikakuta karatasi imebandikwa kwenye stoo yangu:
"Bwana Ruona, mimi wananisikia vya kutosha.
Waache wasikilizane."

Juu ya saa, pale macho ya kila mtoto yanapokimbilia,
ameandika kwa kalamu nene:
KUKOSEA SI KUKOSA.

Mimi nilikosea nikiwa na miaka kumi na mitatu.
Mwalimu wetu alifuta jibu langu kwa kiganja,
asiseme neno,
nami nikajifuta mwenyewe, nikashuka mgodini.

Huku hakuna vifutio. Nafagia, sipati hata vumbi la raba.
Jibu baya hupigwa mstari mmoja, mwembamba,
ili lisomeke bado.
Lorcan alipojumlisha nusu na theluthi
akapata mbili ya tano,
kosa lake lilitiwa fremu, likatundikwa wiki nzima,
na chini yake vikaratasi vya wenzake. Kimoja:
"Nilikuwa na nusu mkate. Nimeongezewa.
Sasa ninacho hakifiki nusu. Nani kaniibia?"
Kingine, mwandiko wa Lorcan mwenyewe:
"Ni mimi. Nimejumlisha hata majina ya vipande."

Basi, kona ya kushoto ya ubao.
USIFUTE, na mshale.
Februari ile, nje hasi ishirini na nane,
Odalys aliacha swali humo:
Kwa nini hasi mara hasi ni chanya?

Jumatatu, hakuna jibu.
Jumanne, mtu kaandika "ndiyo kanuni,"
na Bi Vukasovich kaongeza: "Nani kaitunga? Ana simu?"
Jumatano, hakuna.
Mama huyu hungoja kama mtu aliyekanda unga:
hafunui, hachungulii.

Alhamisi nilikwisha kupiga deki.
Nilikwisha kuzima taa.
Nikaiwasha tena.

Nilikuwa mtu wa pampu, miaka kumi na tisa, chini kabisa.
Chaki ilikuwa nyepesi mno, ikanivunjikia.
Niliandika:
Pampu ikifanya kazi, maji yanashuka futi tatu kwa siku.
Hiyo ni hasi tatu.
Rudi nyuma siku mbili. Hiyo ni hasi mbili.
Juzi maji yalikuwa wapi?
Juu. Futi sita juu.

Sikutia sahihi. Nilitoka kama mwizi.

Ijumaa sikutaka kuanza na chumba kile.
Nilisafisha vyoo kwanza, ngazi, hata madirisha ya ofisi.
Halafu nikaingia.
Maneno yangu yalikuwapo, hata koma haikuguswa.
Pembeni, Odalys: "AAAH."
Chini, mwandiko wa mtoto nisiyemjua:
"Na pampu ikizimwa?"
Na chini zaidi, herufi ndogo za mwalimu,
zile zile anazowaandikia wao, si kubwa zaidi,
si za upole zaidi:
"Swali zuri. Anayejua pampu aendelee."

Ilizimwa kweli, mtoto. Walituita juu sote zamu moja,
wakavuta swichi, maji yakaanza kupanda,
na yanapanda hadi leo.

Nikachukua chaki, kipande kinene safari hii.
Maji yanapanda: chanya.
Unarudi nyuma: hasi.
Nikaandika "juu." Nikatazama.
Nikalipiga mstari mmoja, mwembamba.
Nikaandika:
Chini. Ukirudi nyuma unakuta maji chini,
na ukirudi mbali vya kutosha, pakavu,
na watu wamesimama hapo, taa vichwani.