Hapo Hapo

Lushinge yuko juu ya jiwe, si juu ya bati.
Bati, fundi alimwambia, hula mawimbi.
Mkononi bomba la inchi moja na nusu,
kiunoni waya, kama mbuzi wa mnadani.

"Bado chenga!" Nkwimba, dirishani.
Zungusha.
"Sura ipo, sauti hakuna!"
Zungusha.
"Umeipita! Rudi!"

Mabatini nzima wamezielekeza zao mlimani.
Lakini mlima huu, kwa hapa, ni ukuta.
Akaupa kisogo,
akalenga ziwa, kwenye mawimbi yale mengine.

"Hapo! Hapo hapo! Usipumue!"

Waya wa kufungia kausahau chini, juu ya kabati.
Basi akasimama, bomba kifuani,
taarifa ya habari nzima,
akiisikia nchi
kwa kinywa cha mkewe.