Ukurasa wa Kumi na Moja

Daftari lina mafuta kuliko wino.
Lilitoka dukani kwa Mgiriki mwenyewe,
la kuandikia madeni ya samaki wakavu.
Nkambo Kabwita alichana madeni, akaanza upya:
*Dolmade. Mchele vikopo mbili.
Usikoroge sana. Madamu hapendi.*

Miaka kumi na tisa alipika katika nyumba ile
chini ya jakaranda, nyuma ya posta,
wala hakuketi hata siku moja kwenye meza yake.
Alionja kwa mgongo wa kijiko, wima,
kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Jioni, baiskeli hadi Katuba,
bomba la kiwanda likivuta sigara yake nyuma yake,
na mkewe Mwansa akimngoja na swali lilelile:
"Leo Wazungu wamekula nini?"
Majani, akasema. Majani ya mzabibu.
Mwansa alicheka hadi akashika mbavu:
"Kumbe nao!"
Akarudi kusonga bukari.

Majani yale yalikuja ndani ya kopo, kwa treni.
Mwaka treni zilipokwama
(daftari linasema tu: *kopo hakuna*)
Mwansa alichuma majani ya maboga nyuma ya choo,
akayapitisha maji ya moto, akalaza moja kiganjani.
"Kunja huku. Na huku.
Sasa mfunge kama mtoto mgongoni."
Ndimu hazikutosha, akatia karanga za kutwanga.
Ukurasa wa kumi na moja una alama ya kidole chake
na neno moja, herufi kubwa, kalamu imekandamizwa:
WALINYAMAZA.

Wazungu hunyamaza mezani kwa namna mbili,
alitufundisha Nkambo.
Hii ilikuwa ile nyingine.

Mimi ninapikia soko la Kenya, benchi mbili, bati moja.
Mtu wa Kasai anataka unga wa muhogo uzidi,
bukari iwe ya manjano, ivutike.
Mtu wa Kasenga ananusa samaki kwanza, kisha ananisalimu.
Bwana Guo wa mgodini alionyesha vinkubala kwa kidole,
akauliza simu yake, simu ikamjibu vibaya,
akala kimoja, akala sahani.
Kesho yake alileta chupa ya pilipili yenye mafuta mekundu
akaisahau, au alijifanya kuisahau.
Sasa wateja wananigombeza ikiisha.

Mvua ya kwanza ilimleta mwanamke mwenye picha.
Kaliopi. Alitafuta nyumba; nyumba ni famasia.
Akaja kujikinga maji kwangu,
na siku hiyo, Mungu ana mzaha,
nilikuwa nimefunga majani ya maboga.

Alitafuna moja. Akaweka uma chini.
Akaanza kusema haraka, Kifaransa kikimponyoka:
kisiwani kwao majirani wanawacheka,
nani duniani anatia karanga humo?
Lakini bibi yake hakukubali kubadili.
Ndivyo ilivyo, alisema bibi, tangu mababu zetu.

Mababu.
Niligeuza sufuria ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Kisha nikamletea daftari.
Aliligusa kwa ncha za vidole, kama kitu kilichotoka motoni,
akafika pale penye alama, akaweka kidole chake juu yake.
Hakikutosha. Mwansa alikuwa na vidole vya mtwangaji.
"Neno hili linasemaje?" akauliza.

Lilikuwa letu, neno lile.
Nikamwambia: linasema ongeza chumvi.
Akaliandika.

Alipotoa pesa nilikataa, kama mtu mwenye adabu.
Alipofika kwenye mtaro
nilimwita arudi, nikapokea zote, nikahesabu mbele yake,
sahani mbili,
na karanga.