Tu

Wiki yangu ya pili kwenye chama cha msingi, Uru,
Bwana Proti alinipokonya kalamu.
"Binti, umeacha mlango wazi.
Laki mbili, halafu? Hapo mtu atapenyeza
elfu tisini zake, atandike, alale."
Akaandika mwenyewe, kwa wino wa bluu:
*tu*.
Kisha mstari, mpaka ukingoni mwa karatasi,
kama asukumaye komeo.

Chuoni, mjini Moshi, tulifundishwa hilo kwa Kiingereza.
Kule neno lile ni kufuli, halina kazi nyingine kwenye hundi.
Kwetu limezurura mno kabla ya kuajiriwa:
mzima tu,
nimekaa tu,
basi tu, mwanangu, basi tu.
Dada yangu aliandika hivyo mwaka ule alipoachika,
na barua haikuwa na zaidi.

Siku ya malipo mvua ilipiga bati hata hatusikiani.
Ndeonasia alifika na kitambulisho ndani ya mfuko wa sukari,
kucha zake bado zina rangi ya maganda.
Kilo thelathini na moja.
Toa mrututu. Toa miche ya mwaka juzi.
Nikaandika vizuri, kama nilivyofunzwa:
*Shilingi elfu themanini na mbili tu.*

Alisoma kwa kidole, polepole,
kidole kikafika mwisho, kikasimama.
"Hili tu ni la nani?"
Nikasema, ni utaratibu, mama.
"Nimechuma punje kwa punje, toka mwezi wa saba,
mgongo huu hapa, uulize.
Halafu wewe, na kucha zako safi, unaniandikia tu?"

Nikamweleza habari ya mlango.
Nikamweleza habari ya mwizi, kwamba bila neno hilo
mtu anaweza kuongeza.

Alicheka. Foleni nzima ikageuka.
"Aongeze! Huyo mwizi anakaa wapi?
Mwambie mlango wangu wa nyuma hauna hata bawaba."
Kisha, akipangusa macho kwa ncha ya khanga:
"Na wa kupunguza, je?
Yeye mmemwekea neno gani?"

Nilimtazama Bwana Proti.
Bwana Proti alitazama mzani,
ule ambao sindano yake hairudi vizuri kwenye sifuri,
akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

Nilitaka kusema *kamili*.
Ni neno zuri, linakaa vizuri kwenye risiti,
ila sikuweza kuliapia.

Akachukua kalamu, akaweka sahihi.
Jina lote, la baba na la babu,
herufi zimenenepa kama ndizi za mshare,
zikavuka kisanduku, zikapanda mstari wangu,
zikaishia ukingoni kabisa.

Mama, nikasema, umezidisha nafasi.

Akafunga mfuko wa sukari kwa fundo mbili.
"Jina tu," akasema,
akatoka kwenye mvua.