Vijiti Pacha

Lori la mume wangu hukwama kila usiku palepale,
mpakani Kapitan Andreevo, foleni ya Uturuki mbele,
si kwa forodha, si kwa theluji:
picha inaganda,
waipa inasimama katikati ya kioo,
na Zhivko, miaka sabini na mmoja,
anaipiga meza kwa kiganja
kama anayepima tangi la dizeli.

Kompyuta aliiacha mjukuu, Yavor, alipohamia Bremen.
Ina taa nyekundu tumboni, feni zinazovuma kama saluni,
na kumbukumbu ya gigabaiti nne.
“Nne!” alicheka kwenye simu. “Bibi, siku hizi hata friji…”
Hakumaliza. Mtoto yule hamalizi sentensi.

Leseni walimnyang’anya kwa ajili ya jicho la kushoto.
Mchezo haukumuuliza habari za jicho.

Basi nikaenda mimi.
Nikavifunga vile vijiti vya zamani ndani ya soksi safi,
nikapanda basi kutoka Trakia hadi dukani kwa Ognyan.
Nikamwambia: nimechambua tumbaku miaka ishirini na sita,
jani nalijua kwa kidole. Hiki sikijui. Nifundishe.

Akanionyesha pengo kati ya meno ya dhahabu.
Kizazi cha tatu pengo lake liko hapa,
cha nne limesogea kidogo.
Ukilazimisha, unavunja.

Alikuwa na kimoja cha gigabaiti nane, kipya,
chenye mapezi mekundu na jina la mnyama mkali: leva sitini.
Alikuwa na viwili vya nne-nne,
vya kijani, vitupu, bila pambo,
vimetolewa kwenye ofisi ya bima iliyofilisika: ishirini na mbili.
Nane ni nane, nikasema.
“Si sawa, mama. Viwili hubeba kwa pamoja, njia mbili…”
Nikamkatiza.
Mume wangu amevuta tani ishirini na nne hadi Basra.
Magurudumu pacha nayajua.
Ekseli iliyoelemewa upande mmoja, kilio chake nimekisikia
uani kwangu, saa kumi za alfajiri.

Nikavishika. Nikavigeuza kwenye mwanga wa dirisha
kama jani: doa, ukingo, mkunjo.
Kimoja kilikuwa na mkwaruzo. Nikakikataa.
Ognyan akaleta kisanduku kizima, akakaa.

Mlangoni nikauliza: mashine ikizimwa, vinakumbuka?
“Hapana. Umeme ukikatika vinasahau vyote, papo hapo.”
Sasa mbona mnaviita kumbukumbu?
Akajikuna shingo.

Njiani ndipo nilipocheka peke yangu, abiria wakanitazama.
Miaka thelathini mtu huyu alirudi, akazima injini,
nikamuuliza umeona nini huko,
akajibu, “Barabara,” akalala.

Nyumbani tukavichomeka. Mashine ikalia mara tatu, kioo cheusi.
Zhivko akatamka maneno aliyoyatoa bandari ya Rijeka.
Nikavichomoa, nikayasugua meno kwa kifutio cha penseli,
ujanja wa Ognyan, bure,
nikabonyeza tena, pande zote mbili, hadi
tak.
Tak.

Mara hii lori halikuganda.
Waipa ikaenda, ikarudi. Mpaka ukapita kando yetu
na taa zake zote.
Nikavuta stuli ya jikoni, nikaiweka kuliani kwake,
kiti ambacho kampuni haikuwahi kuniruhusu.

Kilomita ya kumi hivi, bila kuulizwa,
akanyoosha kidole:
“Pale palikuwa na mwanamke akiuza maboga.
Alikuwa na redio. Nilimnunulia betri.”

Nikatazama aliponyooshea.
Mchezo ulikuwa umeweka nyasi tu.
Nikamwambia apunguze mwendo.